Akiba ya Unga na Mkate wa Nyumbani



Mwezi huu tumependa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni unga: namna ya kuuweka usiingie wadudu, na namna ya kuupika mkate ulio mwema. Lakini katika riziki hapana dogo. Na wakati wake ni huu wa Shaabani, ambapo kila mwenye nyumba, mjini na shamba, hukimbilia maduka ya Darajani na Mwanakwerekwe kununua unga, mchele na sukari kwa ajili ya mwezi mtukufu. Kisha Ramadhani haifiki nusu ila husikia katika nyumba nyingi malalamiko yale yale, kwamba unga umeingia vidudu.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha na kwa elimu. Amma unga ni akiba inayooza, tena upesi, ikikosa mlinzi. Na sisi watu wa visiwani yatupasa tulijue hili zaidi kuliko wengine. Unguja hatulimi ngano. Kila kibaba cha unga wa ngano tunachokikanda, nafaka yake imevuka bahari. Wazee waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanazikumbuka foleni za mchele, unga na sukari, wakati vitu hivyo vilipokuwa vikitolewa kwa kipimo. Na katika mwaka 2022, Urusi na Ukraine, nchi mbili zinazouza ngano nyingi duniani, zilipoingia vitani, bei ya unga ilipanda hata kwetu, mpaka mtu anayenunua boflo katika kichochoro cha Malindi akaviona vita vile mezani pake. Mwenye kuutupa unga kwa uzembe anakitupa kitu ambacho watu wamekililia. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, ametuamrisha tule na tunywe, na papo hapo akatukataza israfu.

Somo la kuhifadhi chakula tumelipata ndani ya Qur'ani yenyewe. Katika Sura ya Yusuf, aya ya 47, tunaelezwa ushauri wa Sayyidna Yusuf (A.S.) kwa watu wa Misri: walime miaka saba kwa bidii, na watakachokivuna wakiache katika masuke yake, ila kile kidogo cha kula. Tazameni hekima hii. Nafaka iliyo ndani ya suke ina maganda ya kuihifadhi, na mdudu hupata tabu kuifikia. Wazee wetu wa shamba nao walifanya mfano wa hayo. Mahindi na mtama wa mbegu waliutungika juu ya jiko pamoja na maganda yake, moshi ukawa ndio bawabu. Lakini unga umevuliwa nguo zote hizo. Ganda limevunjwa, kiini kimesagwa, hauna tena cha kujistiri. Basi mlinzi wake aliyebaki ni mwenye nyumba.

Na mlinzi hana budi kumjua adui. Wako watu wanaodhani kwamba unga wenyewe ndio unaozaa vidudu. Sivyo. Kila kidudu kimetoka katika yai, na kila yai limetagwa. Mayai hayo ni madogo mno, tena hunata na kujipaka unga hata jicho lisiyatambue. Huenda yamekuja na unga kutoka ghalani au dukani, au yametagwa nyumbani na vidudu vilivyojificha katika nyufa za kabati. Adui mkubwa wa unga ni kidudu chekundu cha rangi ya kutu, urefu wake milimita 3 au 4. Jike lake huweza kutaga mayai 300 na zaidi katika uhai wake, na kwa joto la nchi yetu yai huwa kidudu kamili kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: unga ulionunuliwa mwanzo wa Shaabani ukiwa na mayai machache, ukiandama mwezi wa Ramadhani tayari una wazazi wapya! Vidudu hivyo hutoa maji yenye harufu kali; vikizidi, unga hunuka, rangi yake huingia wekundu, na donge lake hupoteza nguvu ya kuumuka.

Fukusi ni mwingine. Yeye ana mdomo mrefu mfano wa mkonga, na makao yake ni nafaka nzima, kama mchele, mahindi na mtama. Hutoboa punje akataga ndani yake. Ukimwona katika unga, jua kwamba amehama kutoka katika mchele ulio jirani, na huko ndiko kwa kutazamwa kwanza. Wa tatu ni nondo mdogo, ambaye viwavi vyake husokota utando, unga ukashikana mabonge.

Sasa tueleze kinga.

Kwanza, nunua kwa kiasi. Nyumba ya watu sita haina haja ya polo zima la kilo 50 mara moja. Nunua kitakachotumika kwa muda wa mwezi mmoja. Ikiwa bei ya polo ni nafuu zaidi, shirikianeni majirani wawili au watatu, mligawe siku ile ile. Mtapata nafuu na ujirani. Kabla hujalipa, tazama tarehe iliyoandikwa na mishono ya polo, kwani vidudu hupenda kujificha katika mishono.

Pili, unga ukifika nyumbani usiupeleke moja kwa moja kabatini. Mwenye friza autie katika mfuko uliofungwa vyema, auache siku 4 kamili katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo huua kidudu na yai lake. Ukiutoa, usiufungue mpaka baridi imtoke kabisa, usije ukashika unyevu. Asiye na friza autandaze mwembamba juu ya kitambaa safi katika jua kali, tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 9 mchana, kisha auchekeche na auache upoe kabla ya kuufunika. Lakini ajue kwamba jua halina uhakika wa kuyamaliza mayai yote, basi asikae nao muda mrefu.

Tatu, uweke katika chombo cha kioo, cha bati au cha plastiki nene, chenye kifuniko cha kukaza. Karatasi na polo si kinga. Vidudu vingine hutoboa. Na kufunika chombo si jambo geni kwetu, kwani Bwana Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Sayyidna Jabir (R.A.), ametuagiza tufunike vyombo vyetu usiku na tumtaje Mwenyezi Mungu.

Nne, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote: usimimine unga mpya juu ya wa zamani. Kufanya hivyo ni kuwapelekea wadudu chakula na kuwashukuru. Maliza wa zamani, osha chombo, kikaushe kabisa juani, ndipo utie mpya.

Tano, angalia mahali. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, na kuta zake hushika unyevu, khasa wakati wa masika. Daka la ukutani ni zuri kwa vitabu na vyombo vya mapambo, si kwa unga. Weka chombo juu ya ubao, mbali na ukuta na sakafu, na kila wiki upanguse nyufa za kabati, kwani unga uliomwagika humo watosha kulisha kizazi kizima cha vidudu.

Wengi hutia majani makavu ya mwarubaini au karafuu chache kabatini. Si vibaya, harufu yake huwafukuza baadhi ya wadudu. Lakini hayaui mayai yaliyokwisha kuwamo ndani ya unga, basi yasimfanye mtu aache hayo matano.

Hapa twataka kila mzazi atusikilize kwa makini. Viko vidonge vya sumu vinavyotumiwa na mafundi katika maghala makubwa ya nafaka. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua wadudu, na huua watu vile vile; wala haina dawa ya kuiondoa mwilini mwa aliyeivuta. Haifai kabisa kuvitia katika unga wa nyumbani wala kuviweka ndani ya nyumba wanamolala watoto, hata kama muuzaji atakwambia kwamba kimoja tu hakina neno. Vile vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu wa nguo visikaribishwe jikoni. Kupoteza kilo 10 za unga ni hasara ndogo. Kumpoteza mtoto kwa ajili ya unga ni msiba usio na fidia.

Huenda mtu akauliza: nikivikuta vidudu, unga nifanyeje? Imepokewa na Sayyidna Anas bin Malik (R.A.), katika mkusanyo wa Abu Daud, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) aliletewa tende za zamani, akawa anazichunguza na kuwatoa wadudu waliomo. Hakuzitupa, wala hakuzila kwa kufumba macho. Na Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ametaja katika kitabu chake Minhaj kwamba mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula, kama wa siki au wa matunda, huruhusiwa kuliwa pamoja na chakula hicho; na wenye kukisherehesha kitabu wakaeleza kuwa ni pale ambapo kumtenga ni tabu, ama peke yake haliwi. Kidudu kisicho na damu ya kutiririka, kufia kwake ndani hakuunajisi unga. Basi vikiwa vichache, uchekeche na uupike siku hizo hizo. Ukiwa umenuka, umegeuka rangi au umeshikana kwa utando, usiwalishe watu. Ama panya ni mambo mengine. Mavi yake ni najisi na huleta maradhi. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya panya aliyeanguka katika samli, alielekeza atolewe yeye na samli iliyomzunguka. Ikiwa uchafu wake umeenea ndani ya unga wote, afadhali utupwe.

Unga ukiwa safi, tuupike mkate wa ufuta, ambao futari ya nyumba zetu haitimii bila ya huo. Twaa nusu kilo ya unga uliochekechwa, hamira kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko, yai 1, na tui zito lenye uvuguvugu vikombe 2 hivi. Hamira ijaribiwe kwanza katika maji ya vuguvugu yenye sukari kidogo. Isipofanya povu kwa dakika 10, imekufa, usiitie. Changanya vyote, uupigepige unga kwa mkono mpaka uvutike, uufunike kwa kawa, na uuache uumuke kiasi cha saa moja. Weka kikaango kizito motoni, kisiwe na mafuta, ili mkate ushike. Chovya mkono katika maji ya chumvi, teka unga, uutandaze. Ukishashika chini, nyunyiza ufuta, kisha ukipindue kikaango kielekee makaa mpaka uso wa mkate ugeuke rangi. Ubandue, uupake samli ungali moto.

Na kazi hii isiachiwe akina mama na mabinti peke yao. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake. Kijana wa kiume hapungukiwi na kitu akishika chekeche.

Tumelibakisha la mwisho, nalo ndilo zito zaidi. Imekuwa ada kwa baadhi yetu, unga au mchele ukiingia wadudu, kusema, "Tumpe fulani, maskini yule," au kuupeleka chuoni kwa jina la sadaka. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, ametukataza kukikusudia kilicho kibaya ndicho tukitoe, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Ama zaka ya fitri, wanavyuoni wa Kishafi wameeleza kwamba nafaka iliyoliwa na wadudu haitoshi, na unga pia hautoshi. Kinachotakiwa ni nafaka nzima iliyo njema, ya chakula cha mji, nayo kwetu ni mchele, kiasi cha kilo 2 na nusu hivi kwa kila kichwa. Basi yule aliyeuacha mchele wake ukaingia fukusi, kisha akautoa fitri, amepoteza mchele na fitri yake ingali deni shingoni. Na mwenye duka asiuchanganye unga mbovu na mzima akauza. Bwana Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta majimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuyaweka juu watu wakayaona, na akatangaza kwamba mwenye kughushi hayumo katika sisi.

Mkate wa kwanza utakaoubandua Ramadhani hii, mpelekee jirani, tena uwe wa unga ule ule unaokula wewe na watoto wako.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, atufikishe Ramadhani hali ya kuwa wazima, na atukubalie saumu na sadaka zetu. Amin.