Kijana Anaomba Usukani wa Kompyuta

Mtoto wa kiume wa Namasakata, kama wenzake wa vijiji vingine vya Ruvuma, hakuanza leo kushika usukani. Gari lake la kwanza ni la waya au la mabua. Tairi hukatwa kwenye ndala zilizochakaa, na usukani hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu ili aliendeshe huku akilikimbilia nyuma. Gari hilo halimgharimu mama chochote, isipokuwa pengine ndala moja iliyopotea bila maelezo.

Umeme wa gridi ya Taifa ulifika Songea kutoka Makambako mwaka 2018, na nyaya zimezidi kusogea vijijini. Nyumba nyingine sasa zina kompyuta, mara nyingi ile iliyokwisha kutumika ofisini mjini. Kompyuta ikishaingia, gemu za mbio za magari hufuata. Kisha siku moja kijana anasema: "Mama, nataka usukani."

Tusimcheke. Usukani wa kompyuta ni kifaa cha kweli. Ni gurudumu linalobanwa kwenye ukingo wa meza, lina pedeli za mafuta na breki zinazokaa sakafuni, na waya unaochomekwa kwenye kompyuta. Ila bei zake zinatofautiana kama baiskeli na lori. Usukani wa Logitech G29, ambao vijana wengi wanautaja kwa kuwa wameuona kwenye picha, ulipotoka mwaka 2015 uliuzwa dola 400 huko Marekani. Hiyo ni kama shilingi milioni moja, kabla ya usafiri na faida ya mwenye duka. Kwa nyumba inayongoja fedha za korosho, hayo ni mabati, ni mbolea, ni godoro na sare za mtoto anayekwenda kidato cha kwanza. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe na baba na mama pamoja, korosho zikiwa bado mtini. Baba na kijana wakikubaliana kimya kimya, mama akaja kuliona boksi tu, ugomvi utakaofuata hautakuwa wa usukani.

Pia kukataa moja kwa moja kuna gharama yake. Kijana asiyepata mchezo nyumbani anaijua njia ya kibanda cha gemu, na jirani ya kibanda hicho pengine ipo mashine ya kamari inayomeza sarafu za mia mbili mbili. Kwa maoni yetu, mama anayemsikia mwanawe akigombana na kona za barabara chumbani kwake amelala salama zaidi kuliko yule asiyejua mwanawe yuko wapi saa mbili usiku.

Basi tuseme mmekubaliana. Msianze na duka, anzeni na nyumba yenu.

Tazameni kwanza kompyuta. Gemu mpya za mbio zinahitaji kompyuta yenye nguvu, yenye kadi yake ya picha, na ile ya mtumba wa ofisini mara nyingi haiwezi. Usukani wa milioni moja hautaiongezea nguvu hata kidogo. Lakini zipo gemu za zamani zisizodai makubwa. Richard Burns Rally ilitoka mwaka 2004, na hadi leo wapo watu wazima wanaoicheza kwa kuwa gari lake linateleza kama gari la kweli. Huyo Burns mwenyewe aliwahi kushinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1998 na 2000. Kijana acheze kwanza kwa vibonye vya kompyuta au kwa kile kishikio cha mikono miwili ambacho ni cha bei ndogo. Kama baada ya miezi mitatu bado anapenda mbio, mtajua si homa ya siku mbili.

Kisha meza. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana usukani unabanwa kwa vibano, na kila kibano kina kikomo cha unene wa mbao kinachoweza kushika. Meza zetu za mninga ni nene kuliko zile za Ulaya zilizofikiriwa na watengenezaji. Pimeni unene kwa rula na muuandike kwenye karatasi kabla ya kuagiza. Meza ya plastiki haifai. Kijana akikata kona, meza nzima itamfuata. Kama ukingo ni mnene mno, fundi seremala anaweza kupigilia ubao mwembamba imara mbele ya meza, ni kazi ya saa moja. Pedeli nazo huteleza kwenye saruji laini. Zisukumeni hadi zigote ukutani, au pigilieni kipande cha mbao nyuma yake. Breki inayokimbia kila ikikanyagwa humfanya mtoto ajifunze kutoikanyaga.

Tukija kwenye usukani wenyewe, kuna mambo mawili muuzaji atakayoyataja kwa haraka. La kwanza ni mzunguko. Usukani wa gari la kweli huzunguka kama mara mbili na nusu au tatu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. G29 huzunguka nyuzi 900, ndiyo hiyo mara mbili na nusu. Zile za bei ndogo huzunguka nyuzi 180 au 270, yaani nusu ya duara au robo tatu yake. Kwa mtoto anayeanza hilo si aibu, ila ajue kwamba gari litageuka kwa ghafla zaidi.

La pili ni jinsi usukani unavyorudi katikati. Wa bei ndogo hurudishwa na springi au mpira, basi. Wa bei kubwa una mota ndani, hivyo gari la kwenye gemu likipita kwenye mashimo au likianza kuteleza, mikono inasikia. Mota hiyo huvuta kwa meno ya gia, ambayo ni imara lakini yana kelele. Au kwa mkanda, ambao ni laini zaidi. Au usukani umefungwa kwenye mota yenyewe, na huo si wa kuanzia. Wenye mota mara nyingi unataka umeme wake mbali na kompyuta. G29, kwa mfano, ina adapta yake ya volti 24. Wa springi hutosheka na umeme unaopita kwenye waya wa USB. Mahali ambapo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, adapta ni kitu kingine cha kuungua, na kuipata nyingine inayolingana si kazi ndogo ukiwa Namasakata.

Ndiyo maana sisi, kwa usukani wa kwanza, tungechagua ule mdogo wa springi, wenye pedeli mbili na vibano vizuri, kuliko mkubwa uliochakaa. Klachi na gia ya mkono vinaweza kungoja. Angalieni pia maandishi ya boksi. G29 ni kwa PlayStation na kompyuta, ndugu yake G920 ni kwa Xbox na kompyuta, nao wanafanana sana kwa sura. Muulizeni muuzaji kwa jina la mashine mliyo nayo, wala msikubali jibu la "unaingia popote".

Neno moja kuhusu mabinti. Ombi hili huja kwa jina la kijana wa kiume, dada yake akiwa jikoni. Mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton alimaliza wa tatu katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wanaume wengi walibaki nyuma kwenye tope. Mkinunua usukani, uwe wa watoto wote, kila mmoja na zamu yake. Na baba watoto apewe zamu inayojulikana, la sivyo atauchukua usiku kucha.

Mwambieni pia mtoto, kwa maneno yasiyo na mafumbo, kwamba huu si leseni. Sheria yetu inataka miaka 18 kwa gari. Kwenye gemu gari likipinduka anabonyeza kitufe na kuanza upya. Tunawajua vijana wa miaka kumi na minne wanaochukua pikipiki ya mjomba na kuingia nayo barabara kuu ya Songea hadi Tunduru, na kule hakuna kitufe. Akishikwa na ufunguo wa pikipiki, usukani ukae kabatini mwezi mzima.

Mkinunua uliotumika, msilipe kabla ya kuuona ukichomekwa. Windows ina ukurasa unaoonyesha vifaa vya gemu, ambapo kila pedeli ina mstari wake. Kanyaga polepole. Mstari upande na kushuka bila kurukaruka. Ukitetemeka pedeli ikiwa haijaguswa, ndani kuna vumbi au kifaa kimelika. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha uachie uone kama unarudi katikati sawasawa.

Ukishafika nyumbani, boksi lisitupwe, maana ndilo litakalousafirisha kwa basi ukiharibika. Na kila jioni mchezo ukiisha ufunikwe kwa kipande cha kanga kuukuu, hasa kiangazi, vumbi linapoingia hata kwenye sufuria zilizofunikwa.