Cheti cha Mhitimu Si Hisani ya Chuo

Miongoni mwa mambo ambayo Watanzania wameyazoea hata yakaonekana kuwa sehemu ya elimu yenyewe, hakuna linalochukiza kama chuo kikuu kumtunuku kijana shahada mbele ya wazazi, viongozi wa dini na mgeni rasmi, kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu, eti cheti kitafuata baadaye. Ahadi ni deni, na deni hili lilianza siku chuo kilipopokea ada ya kwanza. Waislamu wamefundishwa na Mtume kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na Wakristo husoma katika Mambo ya Walawi kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Ujira wa aliyetoka jasho darasani ni cheti, nao hulala ofisini kwa miezi.

Watetezi wa ucheleweshaji husema kuwa matokeo hayana budi kuidhinishwa na Seneti, yaani chombo kikuu cha mambo ya taaluma chuoni, na kwamba cheti huchapwa kwenye karatasi maalumu isiyoghushiwa kwa urahisi, kikatiwa saini na kupigwa lakiri. Ni kweli, lakini Seneti huidhinisha matokeo kabla ya mahafali, wala si baada yake, na tarehe ya mahafali hujulikana mapema kiasi kwamba majoho hukodishwa na mahema hufungwa kwa wakati. Iweje kinachoshindikana kiwe karatasi tu?

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, inayosimamia usaili wa kazi nyingi za serikali, huandika katika matangazo yake kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliki. Basi chuo cha umma humnyima kijana cheti, na ofisi ya umma humkataa kwa kukosa cheti hichohicho, huku tangazo la kazi lenye majuma mawili likifungwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe si ya waliokalia vyeti.

Ubaya huzidi pale cheti kinapozuiwa kwa ada ambayo ilipaswa kulipwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kwani wapiganapo tembo nyasi huumia. Bodi hiyo hukata asilimia 15 ya mshahara wa mdaiwa aliyeajiriwa. Sasa itamkata nani, ikiwa mdaiwa hana cheti cha kuombea kazi?

 

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: elimu ya chuo kikuu nchini ilianza mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ikaja kuzaa majaji, madaktari na marais, na katika ofisi za wasajili wamo wachapakazi hodari. Watu wa uwezo huo hawashindwi na uchapaji. Makamu wakuu wa vyuo na watangaze tarehe ya mahafali na ya vyeti kuwa moja, na chuo kisichoweza kiahirishe sherehe mpaka vyeti vyote viwe vimetiwa saini.