Kura 98 zilizobadili Baraza: somo la Australia kwa wanaovuka mipaka

Mwaka 2021 Wilson Tucker aliingia kwenye Baraza la Juu la jimbo la Australia Magharibi akiwa na kura 98 tu za kwanza. Alitoka chama kidogo kilichotaka saa zisogezwe mbele majira ya joto. Vyama vilikuwa vimesajili mapema vitakavyopeana kura za ziada. Aliyeweka alama kwenye chama kimoja hakuwa tena na usemi kuhusu kura yake ingeishia wapi.

Mwaka huohuo serikali ya Labor ilibadili sheria. Kanda 6 zilifutwa, jimbo zima likawa eneo moja lenye viti 37, na mpiga kura akaachiwa kupanga vyama mwenyewe. Uchaguzi wa 8 Machi 2025 ulikuwa wa kwanza kwa utaratibu huo.

Matokeo: Labor 16, Liberal 10, Greens 4, Nationals 2, One Nation 2, na vyama vitatu vidogo kiti kimoja kimoja.

Hesabu yake anaielewa yeyote aliyechangia nauli ya lori: nafasi hugawanywa kwa kadiri ya mchango. Kiti kimoja kilihitaji takriban asilimia 2.6 ya kura. Katika Bunge la chini, ambako kila eneo hutoa mshindi mmoja, Labor ilipata takriban asilimia 41 ya kura za kwanza na kuondoka na viti 46 kati ya 59. Katika Baraza la Juu, kwa kura zinazokaribiana na hizo, ilipata viti 16 kati ya 37.

Hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2021 Labor ilikuwa na viti 22 kati ya 36 na ilipitisha muswada bila kumwomba mtu. Sasa inahitaji kura 19. Ikishikana na Greens inafika 20. Wapinzani wakikataa muswada, ni lazima serikali ikae mezani na wadogo.

Lakini kila mfumo una anayelipa gharama. Zamani kura ya kanda ya migodi na mifugo ilikuwa na uzito wa takriban mara 6 ya kura ya jijini Perth. Sasa kura zote ni sawa, na watu wa mbali hawana tena viti vilivyotengwa kwa ajili ya kanda zao.

Wafanyabiashara wa mipakani wanalijua jambo hili. Bunge la Afrika Mashariki ndilo lililopitisha sheria ya vituo vya pamoja vya forodha na ile ya uzito wa malori. Kila nchi hupeleka wabunge 9, nao huchaguliwa na bunge la nchi yao, si na wananchi. Nchi nzima ni kapu moja. Hakuna mbunge wa Namanga, wa Mutukula wala wa Busia.

Hata hivyo, Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya inataka wabunge hao 9 waakisi, kadiri inavyowezekana, vyama vilivyomo bungeni, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi yenye maslahi maalumu. Si maneno ya kupamba karatasi. Mwaka 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya kwa sababu ya namna walivyopatikana, na mwaka 2007 ikaamua kuwa kanuni zilizotumika zilikiuka ibara hiyo.

Mwuza nguo, mwenye lori la nafaka na mama wa samaki ni kundi lenye maslahi maalumu. Bunge la sasa lilianza Desemba 2022 na muda wake ni miaka 5. Vyama vya wafanyabiashara vikisubiri majina yatangazwe, vitakuwa vimechelewa. Majina hupangwa ndani ya vyama vya siasa kabla ya siku ya kura, na huko ndiko pa kubisha hodi kwanza.