Pride ya Uganda: kuhamishwa si kulindwa

Kuna wanaosema Pride, sikukuu ya mashoga na wasagaji, ikifanywa mbali na mji kila mtu atapata amani. Wawaulize Waganda.

Pride yao ya kwanza ilifanywa Agosti 2012 huko Entebbe, kando ya ziwa Viktoria, wala si katika barabara za Kampala. Wengine walishukuru. Mwaka 2010 gazeti moja lilitoa picha na majina yao, likaandika wanyongwe. David Kato, mmoja wao, aliuawa Januari 2011. Wengine walinungunika: sikukuu ya kujificha ni sikukuu gani? Wote walisema kweli.

Lakini polisi ilifika hata Entebbe. Septemba 2016 walifukuzwa kwenye ufuko mmoja, wakaenda mwingine, polisi ikawafuata. Agosti 2017 waziri Simon Lokodo akatisha kuwakamata, sherehe ikafutwa.

Mtu anaweza kukataa ushoga kanisani kwake, hiyo ni shauri lake. Ila kumwambia mwenzako "sogea kule" na kuita hiyo usalama? Wahami wa Eringeti walibeba magodoro, wakaacha shamba za kakao, wakasogea Oicha. Na Oicha wakashambuliwa.