Jiografia ya Zuhura Inatuhusu

Wapo miongoni mwetu, na baadhi yao wameshika madaraka, wanaoona kwamba kumfundisha kijana wa Ukara au Kome milima na mabonde ya sayari ya Zuhura ni anasa. Mtoto huyo, wanasema, hana dawati. Baba yake hana injini ya mtumbwi. Zuhura itamfaa nini? Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Hata hivyo hatukubaliani nayo.

Kwanza, Zuhura si mgeni visiwani. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya shule ya serikali tulilijua jina hilo mapema, na mvuvi wa dagaa arudiye alfajiri na taa zake ameiona mara nyingi ikiwaka juu ya maji upande wa mashariki. Lililofichika ni uso wake. Sayari hiyo, inayokaribiana na dunia yetu kwa ukubwa, imefunikwa daima na mawingu ya tindikali ya salfa. Joto la ardhi yake ni nyuzi 460 hivi za Selsiasi, na hewa yake hukandamiza mara 90 kuliko yetu. Chombo cha Kisovieti, Venera 9, kilichotua huko Oktoba 1975 na kuleta picha za kwanza za ardhi yake, kilisikika kwa muda usiotimia saa moja.

Ramani ya sayari nzima ilipatikana kwa rada. Chombo cha Marekani, Magellan, kiliizunguka Zuhura kuanzia 1990 hadi 1994, na rada yake ikapenya mawingu na kuchora asilimia 98 ya uso wote. Ndipo ulipoonekana dhahiri mfereji uitwao Baltis Vallis, wenye urefu wa kilomita 6,800 hivi, unaoushinda hata Mto Nile utokao katika Ziwa letu. Ni kitu gani kilichotiririka humo, mahali pasipo na tone la maji?

Hapo baadhi ya wataalamu waligeukia kwetu. Ol Doinyo Lengai, mlima ulio kusini mwa Ziwa Natron, ndio volkano hai pekee duniani ijulikanayo kutoa uji wa magadi. Volkano nyingi humwaga mwamba ulioyeyuka wenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Uji wa Lengai hauzidi nyuzi 600, hutiririka mwepesi kama mafuta, mweusi, kisha baada ya siku chache hugeuka mweupe kama magadi ya sokoni. Juu ya ardhi yenye joto la Zuhura, uji wa namna hiyo ungechelewa mno kuganda, na ungeweza kusafiri mbali. Hiyo ni dhana moja kati ya kadhaa. Lakini imejengwa juu ya mlima wa Tanzania. Vivyo hivyo nyanda za juu za Beta Regio, zilizopasuliwa na bonde refu, hulinganishwa na Bonde letu la Ufa. Mwanafunzi wa Nansio anastahili kuambiwa hayo na mwalimu wake, asije akayasikia kwa mtalii.

Pili, na hapa tunasema na maofisa, ufundi ule ule wa rada sasa unatutazama sisi. Satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ya kwanza ikirushwa mwaka 2014, hupenya mawingu na kiza, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Wakati wa masika, picha za kawaida zinapoonyesha mawingu matupu, rada huonyesha maji yalipofikia na magugu-maji yalipojikusanya. Mei 2020 Ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha 1964, na watu wa mwambao wakahama nyumba na mashamba yao. Ofisi ya wilaya yenye kijana mmoja ajuaye kusoma picha hizo inaweza kuwaonyesha wananchi mwendo wa maji pasipo kungoja barua za watendaji wa vijiji.

Kijana huyo hapatikani kwa waraka. Tunawaomba Maofisa Elimu wa Ukerewe, Sengerema na Buchosa waanze na jambo dogo: ramani ya rada ya Zuhura na picha ya rada ya Ziwa zibandikwe ukuta mmoja katika kila sekondari ya visiwani, na walimu wa jiografia wapewe siku mbili za kujifunza kuzisoma. Gharama yake ni karatasi, wino, na nauli ya walimu kuvuka.