Mkwaju wa Chunguni kwa Mzazi Asiye na Nafasi

Mzazi mwenye watoto wadogo huyaacha mambo yake moja baada ya jingine, wala hapana anayemlazimisha. Huanza kwa kukiweka kando kitabu, kisha matembezi ya jioni, kisha ushoni uliokuwa ukimtuliza moyo. Siku moja huulizwa apenda kufanya nini, akakosa jibu. Leo twazungumzia pumbazo moja ambalo mzazi aweza kulishika bila kumdhulumu mtoto: bonsai, yaani kuutunza mti ndani ya chungu kifupi hata ukapevuka umri ilhali umbo lake limebaki dogo.

Sanaa hii ilianzia China, na jina tulilolizoea limetoka Japani. Mti wa bonsai hauna mbegu ya ajabu. Ni mti ule ule wa kawaida, na ukiatikwa ardhini utarefuka kama wenzake. Ufupi wake watokana na chungu kinachoibana mizizi na mkasi unaoyapunguza matawi. Wako wasemao kuwa huko ni kuutesa mti, lakini kiumbe kinachoteswa hakidumu, na bonsai itunzwayo vema hudumu sana. Mjini Washington upo msonobari mweupe wa Kijapani uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, mti huo ulikuwa umbali wa takriban kilomita 3, nyumbani kwa jamaa ya Yamaki, ukakingwa na ukuta. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, na waliokabidhiwa hawakuijua habari ya bomu hadi mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuuzuru. Mtu mmoja asingeweza kuufikisha umri huo. Ilihitajika baba amwachie mwana, na mwana amwachie mjukuu.

Sisi wa pwani hatuhitaji msonobari. Tunao mkwaju, mti ustahimilio jua, wenye vijijani vidogo vinavyolingana na chungu kidogo. Mbegu zake zimo jikoni. Ukisha kuloweka ukwaju wa mchuzi au wa sharubati, zioshe kokwa, uziloweke usiku mmoja, kisha uzipande. Tumia mchanga mzito wa mto, mboji kidogo na vipande vya matofali yaliyopondwa, katika chungu chenye matundu ya kutosha chini. Mchanga wa ufuoni usiutumie, kwani chumvi yake huiunguza mizizi.

Baada ya hapo, ugumu wote u katika nafasi. Bonsai haidai saa nyingi, ila yadai kidogo kila siku, na hapo ndipo wazazi wengi hushindwa. Chungu kifupi hukauka upesi, na katika joto la kaskazi siku mbili za usahaulifu zaweza kuuua mche. Dawa yake ni kuifunga kazi hii na jambo ambalo nyumba haiachi kulifanya. Baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamshwa kwenda skuli, dakika tano zatosha. Tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu, mwagia mpaka maji yatoke chini. Ukiwa na unyevu, uache. Jua likizidi, rudia baada ya alasiri.

Maji nayo ni suala zito kwetu. Visima vingi vya mwambao vina chumvi, na chumvi hiyo hujikusanya chunguni hata ncha za majani zikageuka kahawia. Nyumba inayonunua maji kwa madumu haiwezi kuyamwaga ovyo, wala haifai mtoto apungukiwe kwa ajili ya mti. Maji ya kuoshea mchele, yasiyotiwa chumvi, yafaa sana, na ya mvua ni bora kuliko yote. Mkwaju mmoja mdogo utaridhika nayo. Ndiyo maana nasihi yangu ni mti mmoja, pengine miwili. Mwenye vyungu kumi na watoto wanne ataishia kuvilaumu vyungu au kuwalaumu watoto.

Mafundi huyapinda matawi kwa waya. Mzazi mwenye shughuli na auepuke kwanza, kwa kuwa waya uliosahauliwa huingia katika gome na kuacha kovu. Mkasi pekee waweza kuujenga mti polepole. Kuhamisha chungu na kupunguza mizizi si kazi ya kila mwezi. Mara moja katika miaka miwili au mitatu yatosha, na masika yanapoanza ndio wakati wake mzuri.

Watoto wasiwekwe mbali na kazi hii. Mwenye miaka mitano aweza kumwagia maji kwa kikombe, na jioni mwonyeshe jinsi majani ya mkwaju yanavyojikunja kulala. Atajifunza kuwa kipo kitu kinachomtegemea. Mkasi ubaki mkononi mwa mkubwa. Na kama utavutiwa na waridi la jangwani, lenye shina nene na maua mekundu, kumbuka kuwa utomvu wake ni sumu, uliotumiwa na wawindaji kupakia mishale. Nyumba yenye mtoto anayetambaa na ingoje.

Zitakuja siku za harusi Lamu, za msiba, za mtoto kulazwa hospitalini. Mpe jirani chungu chako mapema, kikae kivulini, umweleze kazi ya kidole. Na ukirudi ukaukuta umekauka, usijione mzazi uliyeshindwa mara mbili. Kokwa zi tele, na ulichokwenda kukishughulikia kilikuwa na haki kubwa zaidi. Lakini katika siku za kawaida, zile dakika tano usizione aibu kuzidai. Mama au baba aliyekaa kimya kidogo na kitu akipendacho huwarudia wanawe na moyo mkunjufu zaidi.

Wiki hii, basi, zisitupwe kokwa za ukwaju. Tukutane wiki ijayo, inshallah.