Bahati Nasibu Isiwe Mlango wa Shule

Majuzi niliwaonyesha wanafunzi wangu wa ualimu filamu iitwayo Waiting for 'Superman', iliyotengenezwa na Mmarekani Davis Guggenheim mwaka 2010. Baadhi yao walitaraji Marekani ya majumba na kompyuta. Walichokiona ni wazazi walioketi ukumbini, roho mkononi, wakingoja nambari ya mtoto wao itolewe katika bahati nasibu, kwa kuwa shule nzuri ina nafasi chache na shule ya mtaani haifundishi. Jina la filamu latokana na kisa cha Geoffrey Canada, mwalimu mashuhuri wa Harlem. Utotoni alilia mama yake alipomfichulia kwamba yule shujaa arukaye angani hayupo, maana alitambua kuwa hakuna ajaye kuwaokoa.

Aliyevunja kimya darasani ni kijana aliyelelewa katika kambi ya Ifo, Dadaab. Alisema hakuona jambo geni. Kwao tumaini hilo ni ufadhili wa WUSC, shirika la Kanada ambalo mpango wake wa wanafunzi wakimbizi ulianza mwaka 1978. Wasomao ni maelfu, waitwao ni wachache, na waliosalia hurudi kukaa chini ya mgunga.

Wasomaji watanikumbusha kwamba ufadhili huo hutolewa kwa alama na kwa umahiri wa Kiingereza, si kwa kura. Ni kweli. Lakini hebu tuitazame njia ya kuzipata alama hizo. Mtoto wa Dagahaley huzungumza Kisomali nyumbani, husoma Kurani kwa Kiarabu, na aingiapo shule hukabiliwa na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Sera yetu yataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya nyumbani au ya eneo. Nani amewahi kuhakikisha kwamba mwalimu wa kambini ana vitabu vya Kisomali vya kutosha? Mtoto akikosa swali la kugawanya kwa kuwa hakulielewa neno la Kiingereza lenye maana ya 'baki', sisi wanaisimu twajua kwamba hakushindwa na hesabu. Mtahini hana habari hiyo. Yeye hutia mkasi tu.

Filamu yenyewe ina kasoro. Yawatupia lawama nyingi mno vyama vya walimu, na kuzisifu kupita kiasi shule zinazolipiwa na serikali lakini kuendeshwa na watu binafsi. Mwanahistoria wa elimu Diane Ravitch aliikosoa vikali mwaka huo huo wa 2010, akieleza kwamba nyingi za shule hizo hazizishindi zile za kawaida. Hapa kwetu lawama ya aina hiyo ingekuwa dhuluma. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Sithubutu kumwita mwoga mwalimu aliyeondoka. Naye aliyebaki na darasa lililofurika hadi mlangoni, simwiti mvivu.

Kambini, pengo hilo limezibwa kwa miaka mingi na wakimbizi wenyewe, wanaofundisha kwa posho isiyokaribia mshahara wa mwalimu Mkenya wa darasa la jirani. Wapo waliopata mafunzo kupitia mradi ulioanza mwaka 2013, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha York cha Kanada pamoja na Kenyatta na Moi. Wanakijua Kisomali, wanaijua mitaala yetu, na hawahitaji kusindikizwa na askari ili wafike kazini. Tutatafuta mwalimu gani mwingine?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, zazungumzia kuwashirikisha wakimbizi katika maisha ya taifa. Basi kazi ianzie darasani. Tume iwasajili walimu hawa na kuwalipa kwa kadiri ya vyeti vyao, nayo Wizara ichapishe vitabu vya Kisomali vya madarasa matatu ya mwanzo. Yule mwanafunzi wangu wa Ifo atahitimu mwakani. Ameniuliza kama atapata kazi ya ualimu kwao, nami sikuwa na jibu la kumpa.